Kitabu ya Mercredi

Inspekta Syauswa alihesabu vitabu mara mbili, na mara zote mbili akapata sitini na kimoja. Vilikuwa vimepangwa kwenye mbao tatu zilizolazwa juu ya matofali, sebuleni mwa nyumba moja ndogo katika mtaa wa Vulamba, mjini Butembo. Vyote vilikuwa vya Kifaransa, vyote vimechakaa majalada, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na mtu aliyeuawa.

"Hizi zote alisoma?"

"Zote. Zingine mara tatu," alijibu Florentine, dada mkubwa wa mwenye nyumba. Alisimama mlangoni, mikono ameificha ndani ya kikwembe alichojifunga. "Mais, Inspecteur, basoda balishapindua nyumba yote siku ya tano. Sasa weye unatafuta nini tena?"

"Mama, bale balitafuta bunduki. Mimi natafuta ginsi anafanyaka kazi."

Mwenye nyumba aliitwa Jokébed, mwalimu wa Kifaransa, na kwa miaka miwili alikuwa na kipindi katika redio ndogo ya mjini. Kila Jumatano saa kumi na moja jioni alichukua riwaya moja ya upelelezi na kuisimulia kwa Kiswahili, kwa ajili ya watu wasiojua Kifaransa. Alifika karibu na mwisho, akanyamaza, kisha akasema kitabu hicho kinamfaa nani. Aliyetaka kumjua muuaji alikuja Vulamba kuazima. Asiyejua kusoma alikaa kwenye benchi la uani na kumaliziwa kwa mdomo. Watu walikiita kipindi hicho Kitabu ya Mercredi, na mafundi cherehani walisimamisha mashine zao kukisikiliza.

Ijumaa ya tarehe nane Juni 2001, askari walimtoa Jokébed katika nyumba hii na kumpeleka Beni, kwenye kachot, yaani mahabusu, ya mtaa wa Bungulu. Jumapili dosari yake, yaani faili la kesi, ililetwa kwa Syauswa. Ilisema kwamba vitabu vya mwalimu ni ishara za siri za vita: kila anachokisifu Jumatano, Alhamisi watu wa msituni wanavamia magari kwenye barabara ya Kasindi. Syauswa aliombwa jambo moja tu, asaini. Waasi walikuwa wameuchukua mji pamoja na bunduki zake, lakini ofisa wa upelelezi wa serikali ya zamani, mwenye mhuri, bado alihitajika ili makanisa na wafanyabiashara wasipige kelele.

Aliketi kwenye benchi, akaifungua dosari juu ya magoti. Ilikuwa imetengenezwa vizuri, na hilo ndilo lililomsumbua. Tarehe kumi na nne Machi, kitabu cha mlinzi wa daraja. Kesho yake gari limeshambuliwa darajani. Tarehe nne Aprili, kitabu cha kiwanda cha sukari. Kesho yake lori la sukari limeteketezwa. Tarehe ishirini na tano Aprili, kitabu cha mapacha wawili. Kesho yake magari mawili. Tarehe sita Juni, kitabu cha karani wa posta. Kesho yake wameuawa watatu, mmoja akiwa amebeba barua za parokia. Mwandishi wa dosari, Luteni Élysée wa ofisi ya Bungulu, alikuwa na mwandiko wa shule nzuri. Saa aliziandika kwa namna yake: sifuri mbili ndogo zimeinuliwa juu, na chini yake mistari miwili.

Florentine alimletea daftari la waazimaji. Halikuwa na majina na tarehe peke yake. Kila aliyerudisha kitabu aliandika kinamfaa nani. *Muzuri kwa mutu hana usingizi. Usimupatie mwenye hasira. Kama bwana yako iko mu safari, ngoja arudie kwanza.* Mtu mmoja, mwandiko unatetemeka, alikuwa ameandika: *Nilimaliza siku ya kilio ya mutoto wangu. Wasingya, asante.*

Syauswa, ambaye hakuwahi kusoma riwaya tangu atoke sekondari, alisoma kurasa nyingi kuliko alivyokusudia. Katikati ya Mei mwandiko wa Jokébed ulikatika. Mwingine uliandika: *Vitabu vinatolewa Jumamosi tu, siku ya posho. Mwenyewe iko hospitali.*

"Hii njo mwandiko yako, Mama?"

"Ni yangu. Malaria ilimuangusha. Siku sita na serum mu mukono."

"Mercredi ya tarehe kumi na sita alikuwa hospitali?"

"Alikuwa hata hajue jina yake."

"Na ku redio nani alisoma kitabu?"

"Hakuna mutu. Baliweka banyimbo ya chorale."

Inspekta alitoa daftari lake la mfukoni, akarudi nyuma kurasa chache. Tarehe kumi na saba Mei, Alhamisi, magari matatu yaliyotoka Beni saa tatu asubuhi yalivamiwa kabla ya njia panda ya Mutwanga. Wanne walikufa, wawili kati yao watu wa Butembo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika maelezo walipoletwa nyumbani. Akarudi kwenye dosari, akapitisha kidole kwenye mistari. Uvamizi wa Mei haukuwamo.

Luteni alihesabu uvamizi mara nne, na ulitokea mara tano. Huo wa tano ungemtoa mwalimu kachot siku ileile.

*

Redio ilikuwa katika vyumba viwili vya juu, karibu na soko, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Fundi wake, Éliakim, mwanamume mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimpokea Jumanne asubuhi. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida.

"Papa Inspecteur, mimi nafungulaka micro na kuifunga. Mambo ya bitabu ni ya Mama Jokébed."

"Sikuuliza bitabu. Mercredi ya tarehe kumi na sita, mbele ya chorale kuanza, mulipitisha nini?"

"Communiqués. Siku zote saa kumi na nusu tunasomaka communiqués. Bilio, matanga, mutu amepoteza mbuzi."

"Nionyeshe."

Éliakim alitoa jalada nene la makaratasi yaliyotobolewa kwa msumari. Watu waliandika matangazo yao kwa Kifaransa, kama barua ya ofisi, naye aliyasoma kwa Kiswahili. Syauswa alitenga Jumatano tano, akazipanga mezani safu tano, kisha akaanza kazi aliyoijua: kutoa kila kisichojirudia. Mbuzi wakatoka. Ndoa zikatoka. Mkutano wa wazazi ulijirudia mara mbili, ukatoka. Baada ya nusu saa kila safu ilibaki na karatasi moja.

*Familia ya marehemu Mama Agar, wa Mutwanga, inajulishwa kwamba matanga yataondolewa kesho Alhamisi saa tatu. Waje kwa magari mawili.*

Hiyo ilikuwa ya Aprili nne. Ya Machi ilisema gari moja, saa nne. Ya Mei kumi na sita ilisema magari matatu, saa tatu. Alilinganisha na daftari lake. Idadi ya magari ilikuwa ileile, na saa ya kutoka Beni ileile, mara zote tano.

"Éliakim, huyu Mama Agar unamujua?"

"Hapana."

"Matanga yake inaondolewa mara tano, na weye hauoni?"

Fundi alivua miwani. "Papa, tangu vita hii ianze, ninasoma bafu, batu balikufa, kila siku. Sikamatake tena majina."

Karatasi zote tano zilikuwa na sifuri ndogo zilizoinuliwa, na mistari miwili chini. Syauswa aliitoa dosari na kuiweka kando yake. Éliakim aliangalia huku, akaangalia kule.

"Nani analetaka?"

"Anakuya siku ya pili, kama leo, na pikipiki nyekundu. Anasema ni ya jamaa yake. Mutu ya uniforme, nitamuuliza nini?"

Kila dereva anayekwenda Kasindi alipaswa kupata karatasi ya njia Bungulu, iliyoandikwa idadi ya magari na saa ya kuondoka. Luteni Élysée ndiye aliyeisaini. Watu wa msituni, huko milimani Mutwanga, hawakuhitaji mjumbe, walihitaji redio ya betri mbili.

"Leo alikuja?"

"Leo hapana. Akikuya, nikatale?"

Inspekta alifikiri. Mshtakiwa akiwa bado kachot, luteni asingethubutu kuvamia wiki hii, kwa kuwa angekuwa anamsafisha kwa mikono yake mwenyewe. Na fundi akikataa karatasi, ndiye atakayefuata kuingia kachot.

"Soma kila kitu kama siku zote," alisema. "Mimi sikufika hapa."

*

Alifika Beni Jumatano kabla ya saa sita, nyuma ya pikapu, amefunikwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Karatasi tano alikuwa nazo ndani ya koti. Jokébed aliletwa kutoka kachot hadi kwenye chumba chenye meza moja. Miguu ilikuwa mitupu na midomo imepasuka. Luteni Élysée, kijana mtanashati, alikalia ukingo wa dirisha akisafisha kucha kwa njiti ya kiberiti.

"Endelea, Inspecteur. Fanya kama siko."

Syauswa alifungua PV, karatasi ya mahojiano, akaandika tarehe. "Jina?"

"Unalijua."

"PV inalitaka."

Akalitaja. Sauti yake, ambayo mji mzima uliijua, ilikuwa imekwaruzika.

"Mambo ya vitabu vya mauaji ilianza wapi?"

"Nilifundisha batoto verbes miaka kumi na sita, banalala. Siku moja niliwasomea roman policier. Hakuna alilala."

"Na batu bakubwa? Tuko mu vita. Juu ya nini banapenda kusikia tena bifo?"

"Inspecteur, huku mutu anauawa ku barabara, tunamuzika, kesho tunarudia ku soko. Hakuna mutu anauliza nani alimuua. Mu roman, mutu akikufa ku page ya kumi, kuko moja anauliza mpaka ku page ya mia mbili. Hata kama mwenye alikufa alikuwa mubaya. Batu banakuya juu ya ile. Kusikia tu mutu anauliza."

Luteni alicheka dirishani. "Mama anahubiri."

"Kitabu cha daraja," Syauswa aliendelea, "ulikichagua ginsi gani?"

"Mama moja wa soko alikiomba, mu mwezi wa pili. Bwana yake alikuwaka mulinzi. Na cha sukari nilisifu juu kinafaa batu ya usine. Daraja ziko ngapi ku ile barabara? Na gari gani haibebe sukari? Ukitaka, utapata vita mu kila kitabu, hata mu kitabu ya kupika. Mais mu dossier yenu munasahau siku moja. Tarehe kumi na..."

"Ujibu swali tu!" Syauswa aligonga meza kwa kiganja.

Jokébed alishtuka. Aliangalia ule mkono juu ya meza, akaangalia dirishani, ambako njiti ya kiberiti ilikuwa imeacha kusogea. Akafunga mdomo. Baadaye, kwa kila swali, alijibu ndiyo au hapana.

Komanda Abdias, mkubwa wa ofisi hiyo, aliwapokea Syauswa na luteni saa nane, mtu mnene, mchovu, mwenye simu tatu za upepo mezani. Syauswa alisimama na kusoma ripoti yake. Alitaja malaria, akatoa fishi, kadi ya hospitali aliyoichukua alfajiri, akataja uvamizi wa Mei ambao kipindi hakikuutangulia. Kuhusu Mama Agar alinyamaza. Alikuwa akimsoma komanda usoni, na hakuona kama anazungumza na bwana aliyedanganywa au na mwenye shauri lenyewe. Karatasi akizitoa kwa mtu asiyefaa, Jokébed na Éliakim walikuwa wamekwisha.

"Élysée," komanda alisema, "hii ya mwezi wa tano, mbona sikuiona?"

"Ilinipita, afande. Kazi ni mingi." Luteni hakubabaika hata kidogo. "Kama Inspecteur anasema iko innocente, tumuachilie. Leo hii. Siye hapana batu babaya. Tutaangalia mbele."

Komanda alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasaini. Syauswa alipokea karatasi ya kuachiliwa kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na mlango ulifunguka kabla hajausukuma.

*

Walitoka saa kumi. Alimnunulia kandambili na chai kwenye kibanda cha barabarani, akamwacha anywe. Alipomaliza kikombe cha pili, Jokébed alimtazama.

"Weye unasomaka?"

"Hapana, Madame. PV tu."

"Nitakupatia kile cha mwalimu wa hesabu. Kinafaa mutu mwenye anajua kitu na anaogopa kukisema."

Redio ya mwenye kibanda ilikuwa imeanza matangazo, sauti ya Éliakim ikija na kupotea. Mtu alikuwa anatafuta vitambulisho vyake. Familia moja ya Lubero ilikuwa imefiwa na babu. Kisha: *ujumbe umetufikia sasa hivi kwa simu ya upepo kutoka Beni. Familia ya marehemu Mama Agar, wa Mutwanga, inajulishwa kwamba matanga yataondolewa kesho Alhamisi saa mbili. Waje kwa magari matatu.*

Jokébed aliweka kikombe kitupu mezani.

"Agar?" alisema polepole. "Mimi nangojaka zamu yangu mu ile studio kila mercredi. Ule mama matanga yake ilishaondolewa siku ya kitabu cha posta. Na mara ingine kabla ya ile." Aligeuka. "Inspecteur, ule mama anakufaka mara ngapi?"

"Hii ni ya sita."

"Ulijua."

"Nilijua tangu jana. Nilizani hatathubutu wakati hauyatoka." Alikipapasa kifua cha koti, zilipokuwa karatasi. "Kumbe njo juu ya ile alikubali utoke. Leo saa kumi unaachiliwa. Kesho saa mbili batu banakufa. Saa ine banakufwata tena, na mara hii hakuna PV."

Alisema yote, tangu mwandiko mpaka pikipiki nyekundu. Jokébed alisikiliza bila kumkatiza.

"Komanda?"

"Sijue. Anaweza kuwa mutu muzuri. Nikikosa, tuko bafu batatu."

"Na parquet, ofisi ya mashtaka?"

"Ofisi imefungwa, juge alikimbiaga Kampala. Nikiandika ripoti, itapita ku meza ya Élysée mbele ya yote."

"Basi ni nani amebakia wa kuambia?"

Barabarani lori lilipita, limepakia madumu matupu yanayogongana. Dereva aliwapigia honi wanunuzi wa mihogo wapishe. Wote wawili walimfuata kwa macho mpaka alipokata kona.

*

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi, kwenye maegesho ya magari yaendayo Kasindi, hapo Beni, malori matatu yalikuwa yamewasha injini. Abiria walikuwa wameshapanda juu ya mizigo, kina mama na vikapu vyao, ukungu haujaondoka. Mkubwa wa madereva alikuwa Ésaïe, mtu wa makamo, kofia ya sufu mpaka kwenye masikio. Mdogo wake alikuwa miongoni mwa wale wanne waliokufa Mei.

Syauswa alimwonyesha kitambulisho, akapanga karatasi tano juu ya boneti yenye joto. "Papa Ésaïe, soma."

"Kifaransa si yangu."

"Nitakusomea," alisema Jokébed.

Alisoma moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili, akitaja tarehe, magari, saa. Kufikia ya tatu, kina mama waliokuwa juu ya mizigo walikuwa wamenyamaza. "Ni ule wa mercredi," mmoja alinong'ona, "ni sauti yake." Madereva wengine wawili walishuka, wakasogea. Alisoma ya Mei kumi na sita, magari matatu, saa tatu. Ésaïe aliuma meno.

"Na jana jioni," alimalizia, "balisema magari matatu, saa mbili. Mulisikia wenyewe."

"Tulisikia," dereva mmoja alisema. "Mimi nilizani ni kilio."

"Nani anaandikaka hii?" Ésaïe aliuliza. Hakupaza sauti.

"Toa karatasi yako ya njia," Syauswa alisema.

Ésaïe aliitoa kwenye kofia, akaikunjua kando ya zile tano. Kifaransa hakikumhusu, ila sifuri mbili ndogo zilizoinuliwa, na mistari miwili chini yake, hazikuhitaji shule. Alizigusa moja moja kwa kidole. Hapo Syauswa alijua kwamba kazi yake ya miaka kumi na tisa imekwisha, na pengine si kazi peke yake. Akasema jina kwa sauti ya kufika mpaka lori la nyuma.

"Luteni Élysée, wa ofisi ya Bungulu."

Ésaïe alipanda kwenye usukani taratibu, kama mzee. Injini ikakohoa, ikazima. La pili likazima. La tatu lilinguruma bado kidogo, kisha nalo likanyamaza, na ghafla jogoo wa Bungulu wakasikika, na mtoto aliyekuwa akilia juu ya magunia.

Kutoka kwenye kizuizi, askari mmoja alikuja nusu akikimbia, bunduki inampiga mgongoni.

"Chauffeur, yaka, kuja hapa! Saa mbili inafika. Mbona munazima? Nani anakataza magari kutoka?"

Madereva waliangalia chini. Ésaïe alifungua mlango wa lori ashuke. Jokébed alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Syauswa aliwatangulia wote, akasimama kati yao na yule askari.

"Ni mimi. Syauswa Ananie, ofisa wa upelelezi, Butembo. Andika, umupelekee mukubwa wako."

Askari alijipapasa mfuko wa kifuani, kisha wa suruali. Hakuwa na kalamu. Syauswa akampa yake.